Tulivyomposa Fundi Wetu Mutuini

Blanketi ndilo lililotuponza. Mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu, hata nikiwa kwenye lifti na watu wa heshima zao, na sioni haya. Lakini siku ile sikucheka. Siku ile roho ilikuwa mkononi, kwa sababu mtu mmoja alikuwa karibu kutuacha, na huyo akiondoka, kampuni yangu ingebaki kibao tu ukutani.

Tuko Westlands, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikipenda. Shughuli yetu haina maajabu. Mama mboga wa soko la Kangemi anatuma ujumbe kwa simu mchana, anasema kesho anataka sukuma wiki kiasi gani na nyanya kiasi gani, na asubuhi mzigo unamkuta kibandani ukitoka kwa wakulima wa pembezoni mwa jiji. Hana haja ya kudamka kwenda kupigania magunia. Nilianzisha kazi hii kwa sababu mama yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Magharibi nikiwa mgongoni mwake, akauza mboga Kangemi mpaka magoti yakakataa. Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni yetu ni mchezo wa vijana wa kompyuta, namjibu vibaya, na sijawahi kumwomba radhi hata mmoja.

Wazo lilikuwa langu, ila aliyelitia uhai ni fundi wetu. Namwita fundi kwa heshima. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mpole mpaka umchokoze, kwao Mutuini, na ndiye aliyeandika programu yote kwa mikono yake. Mama mboga hawaandiki kama vitabuni. Mmoja aliandika, "Niletee kama za jana lakini dania punguza, ile ingine ilikuwa ngumu," na mfumo ukaelewa! Ukampelekea mkulima oda iliyo sawasawa! Siku hiyo nilipiga kelele ofisini, nikamrukia fundi na kumkumbatia, chai yangu ikamwagikia kibodi yake. Alikausha vibonye kwa leso yake, akaniambia nisijali, bado kuna mengi ya kurekebisha.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa Julai akaja kwenye chumba changu cha kazi, akasimama mlangoni.

"Bosi, nimepata ofa. Ni kampuni ya Berlin. Wanataka niwajibu Jumatatu."

Niliruka. Sisemi nilifikiri, nasema niliruka. Kufikia Alhamisi mchana nilikuwa nimempandisha cheo hadi Mkuu wa Teknolojia, nimechapisha fulana zenye jina la kampuni, na nimeleta keki iliyoandikwa cheo chake kwa sukari ya buluu. Wenzake walipiga makofi. Yeye alishukuru, akala kipande kidogo, akarudi kazini. Sikumwelewa hata kidogo. Mtu anapewa nini zaidi ya keki na ukuu?

Na ofisi yenyewe ilikuwa ya kujivunia! Tulipohamia pale niliita seremala ang'oe milango yote, kuta nazo zikavunjwa, tukabaki ukumbi mmoja. Wageni wakija nilikuwa nawaambia kwa sauti, "Hapa kwetu hakuna ukubwa, hakuna milango." Mlango mmoja tu ulibaki, wa chumba changu, kwa ajili ya kuongea na wawekezaji kwa simu. Hilo sikuwa nalitaja.

Ijumaa nilishindwa hata kula. Aliyeniona ni mama wa ghala, mwanamke wa Vihiga anayesimamia stoo yetu, ambaye zamani alikuwa na kibanda kando ya mama yangu. Ndiye mtu pekee kazini anayeniita kwa jina la utotoni.

"Wewe unabembeleza mtoto," aliniambia. "Umeongea na wenye mtoto?"

"Mama, hii ni kampuni."

"Kampuni imezaa nani? Mtoto ana kwao. Twende kwao."

Mimi nina ugonjwa mmoja: wazo likiniingia, miguu hutangulia kichwa. Nilitafuta namba ya mama yake kwenye faili, nikapiga palepale. Nilijieleza kwamba natoka kazini kwa binti yake, kisha nikatoa maneno yangu ya heshima. Nilisema, "Mama, mna kitu kizuri sana huko kwenu, na tungependa kuja kesho na wazee wetu kidogo tuwaone." Sauti yake ikawa tamu ajabu.

"Karibuni sana. Mko wangapi?"

"Wanne."

"Kesho ni karibu, lakini tutajipanga. Karibuni sana, mama."

Fundi mwenyewe hatukumwambia. Nilijua angekataa.

Mama wa ghala aliongoza ununuzi, maana mkono mtupu haulambwi. Tulinunua sukari, unga, mafuta ya kupikia na kreti ya soda. Tukamchukulia mama leso, na jogoo mmoja mwekundu, kwa kuwa kwetu Magharibi huendi kwa watu ukiomba jambo bila kuku. Mwishoni mama wa ghala akasema Julai kule Mutuini ni baridi kali, mzee wa watu asisahauliwe. Tukanunua blanketi zito la rangi ya zambarau. Mhasibu wetu nilimwamuru avae suti ili tuonekane watu makini. Ni kijana wa Busia, hajaoa, na suti anayo moja tu, ile ya kanisani. Alikuja amenyoa, viatu vinang'aa, akapanda pikapu ya mboga na kumpakata jogoo. Dereva wetu alikuwa wa nne.

Tulipofika tulikuta lango limefungwa, na nyuma yake kina mama wanaimba. Wanaimba, nakwambia! Vigelegele vya shangwe, makofi, na sauti moja kali ikiuliza sisi ni nani na tunatafuta nini. Kwa juu ya lango niliona hema jeupe na viti vya plastiki, na harufu ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, ikanipiga puani. Nikawageukia wenzangu na kusema watu wa huku wana ukarimu, jamani, mwajiri tu anapokewa hivi! Mama wa ghala hakupoteza wakati. Alijifunga leso kiunoni akawajibu kwa wimbo wa kwao, Kiluhya tupu, hakuna aliyemwelewa, na lango likafunguliwa kwa vigelegele.

Tuliketishwa mbele. Shangazi mmoja mnene akavuta kiti mpaka kwa mhasibu, akamtazama kuanzia nywele hadi viatu.

"Kwenu ni wapi?"

"Busia."

"Mbali. Na pombe unakunywa?"

"Kidogo, Krismasi," alijibu mhasibu, akidhani ni maswali ya kazi.

"Huyu hasemi uongo," shangazi aliwaambia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Kisha mjomba wa fundi, aliyekuwa msemaji wa nyumba, akasimama na kutuuliza tumekuja kutafuta nini. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu usiku, na niliitoa kwa moyo wote.

"Tumekuja kwa sababu ya binti yenu. Sisi bila yeye hatuwezi kuishi, huo ndio ukweli. Na sasa kuna Wajerumani wanamtaka."

"Wajerumani pia!" alisema mzee mmoja nyuma.

"Wanamtaka, tena wanataka jibu Jumatatu! Tunawaomba wazazi msiwape. Tuachieni sisi. Tutamtunza."

Vigelegele vilipasua hema. Mama wa ghala, naye akiona mambo yamekwenda vizuri, akanyanyuka na lile blanketi, akamfunika mzee mwenye nyumba mabegani. Kumbe kwao baba wa binti hufunikwa blanketi na wanaoposa; hapo sasa kina mama walisimama wote wakaanza kucheza. Mhasibu alipigapiga makofi pamoja nao, maskini, bila kujua anajishangilia.

Wakati huo huo fundi akatokea mlango wa jikoni, mikono ina maganda ya viazi. Baadaye alinieleza kwamba mama yake alimwambia "wageni wako wanakuja", naye akajifungia jikoni akijiuliza ni mwanamume gani amepandwa na wazimu. Aliniona mimi. Akamwona jogoo. Akamwona mhasibu na suti yake.

"Bosi? Kwani umekuja kuniposa?"

"Kukuposa?" nilisema. "Nimekuja kwa sababu ya kazi!"

"Na wewe je?" alimuuliza mhasibu.

Mhasibu akasimama wima. "Mimi nimeletwa tu."

Sijui nani alianza kucheka. Najua shangazi mnene alishika nguzo ya hema asianguke. Mimi nilitamani ardhi inimeze na blanketi langu. Nilieleza kwa haraka, maneno yakigongana, kwamba hakuna bwana harusi, kuna kampuni, kuna mboga, kuna Berlin. Baba yake fundi alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa pembe ya blanketi. Nilisema samahani, pengine tulirudishe dukani.

"Blanketi halirudi, madam," alisema, akajifunika vizuri zaidi. "Na msiondoke. Iwe ni ndoa, iwe ni kazi, mmekuja kuomba mtoto. Kwetu sisi mtoto mwenyewe huulizwa."

Akaagiza kreti yetu ya soda iwekwe katikati. Zamani, alisema, ilikuwa pombe ya miwa, lakini sasa watu wameokoka. Wageni wakileta kinywaji, hakuna anayekigusa mpaka binti aulizwe mbele ya wote kama wazee wake wanywe au wasinywe. Akisema wanywe, amekubali. Basi akamwita fundi, ambaye alikuwa bado anapangusa mikono.

"Hawa watu wameleta soda. Tunywe, tusinywe?"

Nilimtazama fundi nikagundua kitu cha kunitia aibu: tangu Jumatano nilikuwa nimempa cheo, fulana na keki, lakini sikuwa nimemuuliza swali hata moja.

"Kabla sijajibu niko na swali," alisema. Akanigeukia. "Bosi, ungekuwa mimi, ungeenda?"

Wenyeji wetu hawakujua alichokuwa ananifanyia, lakini mimi nilijua. Miaka mingi kabla ya hapo nilifanya kazi katika kampuni ya bima katikati ya jiji. Nilipotaka kuondoka, mkubwa wangu alinipa cheo kipya na kiti cha kuzunguka. Alinunua hata keki. Niliondoka Ijumaa ileile, na kisa hicho huwa namsimulia kila mwajiriwa mpya siku yake ya kwanza, kwa majigambo. Fundi alikisikia akiwa kwenye kiti cha mbele. Mama wa ghala alinikanyaga mguu kuniashiria niseme hapana. Lakini niliangalia ile soda, niliangalia wale watu waliokuwa wamepika tangu alfajiri kwa sababu ya ujinga wangu, na uongo ukanikwama.

"Ningeenda," nilisema. "Sasa hivi ningekuwa nafunga mizigo."

Mama wa ghala akaguna. Fundi akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile.

"Sasa hapo umeongea. Bosi, mara tatu nimekuja kwako na ile kitu ya kutabiri. Mara tatu umeniambia tutaangalia."

Ni kweli. Kila mtu anayepita Kangemi mchana ameona sukuma iliyobaki, imekunjamana na kuwa njano kwenye meza, na mama mwenyewe akiipunguza bei kwa uchungu. Fundi alitaka mfumo uwe unamwambia kila mama, kabla hajaagiza, kesho atauza kiasi gani: kama mvua itanyesha, kama ni mwisho wa mwezi, kama shule zimefungwa. Alikuwa amechora yote kwenye daftari. Nami nilikuwa nimesema tutaangalia, huku namfikiria yeye kama nguzo ya nyumba, na nguzo haipewi ruhusa ya kwenda kujenga kwingine.

"Siongei mambo ya mshahara," aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Nataka miezi sita. Nataka watu wawili wa kunisaidia. Na nataka mahali naweza kufunga mlango! Kwako siwezi maliza wazo moja. Kila dakika mtu ananigusa bega, 'Niko na kaswali kadogo.' Na wewe ndio unaongoza."

"Niliogopa," nilimwambia mbele ya shangazi zake wote. "Ukienda kujenga hilo jipya, nani atashika hili la zamani? Niliogopa, ndiyo maana nikawa nakuzungusha. Miezi sita utapata. Watu wawili utapata. Na mlango."

"Umeahidi mbele ya watu," alisema mjomba.

Fundi akafikiria, akahesabu chupa kwa macho.

"Fungueni nusu ya kreti," alisema. "Berlin nitawaomba wanipe muda. Nusu ingine tutafungua nikishaona."

Ah, niliruka tena! Nusu kreti! Tulikunywa kwa zamu, chupa moja watu wawili, tukala mukimo mpaka mhasibu akafungua kifungo cha suti. Tulipokuwa tunaaga, mama yake fundi alinishika mkono akasema na wao watakuja kuona itara. Alinieleza: itara ni ile dari ya fito juu ya meko, mahali pa kukaushia kuni, na watu wa binti lazima waende kukagua nyumba atakayopikia. Nikasema karibuni, kama mtu anavyosema karibuni.

Jumatatu niliamkia kazi. Wiki haikuisha kabla sijawapata wasaidizi wawili, vijana wenye akili kali. Miezi sita niliiandika ubaoni kwa kalamu nyekundu. Mlango nao niliuanza. Nilipima pembe ya ukumbi kwa hatua, nikampigia seremala, seremala akasema wiki ijayo, wiki ijayo akasema mbao hakuna. Fundi aliniuliza mara moja tu. Nilimjibu bila kufikiri, na alipogeuka kurudi kwenye meza yake niliona amechukua ile simu yake na kuitazama kwa muda mrefu.

Kisha asubuhi ya Ijumaa mlinzi wa chini akanipigia.

"Madam, kuna wamama kama kumi hapa na mzee amejifunika blanketi. Wako na kreti ya soda. Wanasema wamekuja kuona itara."

Lifti siku hiyo haikupenda. Walipanda kwa miguu ghorofa zote sita, na walipofika ya nne tuliwasikia wanaimba. Watu wa ofisi za jirani walitoka kutazama. Mama wa ghala alikimbilia ngazi kuwapokea, na mhasibu alipomwona shangazi mnene alijificha nyuma ya mashine ya kuchapisha.

Mama yake fundi hakuwa na haraka. Alizunguka ukumbi, akagusa meza, akawaamkua wale wasaidizi wawili na kuwauliza kama wamekula. Akasoma ile miezi sita ubaoni. Akamwona mfanyakazi wetu mmoja anamgusa binti yake bega na kuinama kumwuliza jambo. Akanigeukia.

"Na mlango?"

Nilifungua kinywa, na nikajisikia mwenyewe nikianza, "Tuta..."

"Tutaangalia?" alisema shangazi.

Fundi alikuwa anatazama meza yake. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nikajua kwa hakika, kama ninavyojua jina la mama yangu, kwamba leo asipouona atawajibu Berlin kabla ya chakula cha mchana, na atakuwa na haki yote. Nikageuza macho huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo, na nilichokiona ni mlango mmoja, mzuri, wa mbao ngumu, wenye kitasa cha shaba. Ulikuwa umefunguka nusu, na kiti changu kinaonekana ndani.

Niliingia, nikatoa tarakilishi yangu, kikombe changu, na picha ya mama yangu akiwa kibandani Kangemi. Nikavipanga kwenye meza ndogo iliyo kando ya birika la chai, mahali ambapo kila mtu hupita. Nilirudi kuchukua koti.

"Itara ni hii," nikawaambia.

Mama yake fundi aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akajaribu kitasa kama mtu anayenunua. Akaingia ndani na kujifungia. Tulisubiri. Akatoka.

"Ndani husikii kitu," alimwambia binti yake.

Fundi alitoa simu, akasimama palepale akaandika maneno machache, akairudisha mfukoni. Halafu akamtazama baba yake.

"Mnywe," alisema.

Chupa zilizobaki zilifunguliwa kwa vigelegele, soda ya vuguvugu iliyopanda ngazi kwa miguu, na sijawahi kunywa kitu kitamu zaidi. Wageni walipoondoka, fundi alibeba daftari lake, akawaita wale wawili, wakaingia. Mlango ukafungwa. Moyo ulinidunda kwa furaha, mimi niliyejisifu miaka yote kwamba kwetu hakuna milango.

Haikupita hata robo saa nikakumbuka kitu cha kumuuliza. Kilikuwa kidogo tu, cha dakika moja. Niliinuka, nikafika mlangoni, nikanyanyua mkono nibishe. Kutoka ndani sikusikia chochote. Nikaushusha mkono, nikarudi kando ya birika, na kaswali kangu kadogo nikakameza.